Jioni ya kuagana kidato cha nne, nina shilingi 4,000 tu: nimvishe nini binti yangu? (Malindi)

MamaWaMaweni:

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Naomba ushauri, hasa kwa akina mama wenzangu wa Malindi na mafundi cherehani mlio humu. Binti yangu yuko kidato cha nne katika shule moja ya binafsi hapa mjini. Kabla hawajaingia kwenye mtihani wa mwisho, KCSE, shule imewaandalia jioni ya kuagana: chakula, vyeti, halafu dansi mpaka saa nne usiku. Barua tuliyoletewa inasema mavazi yawe rasmi, mabega yafunikwe, rinda lisipande juu ya magoti. Kwetu nyumbani sharti ni zaidi kidogo. Mikono ifike angalau viwikoni, na mtandio kichwani.

Yeye ametamani gauni refu la kijani kilichokolea, lenye kung'aa. Kanionyesha picha kwenye simu, na kweli ni zuri. Duka moja la nguo za harusi limeniambia 9,500 kununua. Kukodi kwa usiku mmoja ni 3,500, na juu yake amana ambayo nguo ikirudi na doa huioni tena. Uwezo wangu wote ni 4,000, na humo mna viatu, mtandio na nauli. Babake ni mvuvi, na miezi ya upepo wa kusi bahari haikutupa kitu cha maana.

Sitaki kumwambia asiende. Msichana huyu amejituma miaka minne, na wenzake wengine baada ya mtihani watarudi kwao mbali, hawataonana tena. Nataka aingie ukumbini akiwa na raha, si kushinda akivuta nguo huku na huku kujisitiri. Niende mitumba? Ninunue kitambaa nishonewe? Nikodi tu yaishe? Ni mfupi kidogo, juu mwembamba, nyonga pana. Sherehe ni Jumamosi ya tatu ya Oktoba, kwa hiyo tuna kama mwezi mmoja.

ShangaziWaBarani:

Waaleikum salaam mamangu. La kukodi liondoe kabisa kichwani. Unalipa 3,500, kesho yake huna gauni wala pesa, na usiku kucha mtoto atakuwa anaogopa kumwagikiwa soda. Isitoshe, nguo ya kukodi hawakuruhusu kuikata wala kuitia mikono, na wewe mikono unaitaka.

Nenda mitumba, na uende na yeye mwenyewe. Usimnunulie kwa kukisia. Siku wanayofungua belo jipya fika asubuhi mapema, maana zile kamera, yaani nguo bora za kuchaguliwa kwanza, huondoka kabla jua halijapanda. Muulize muuzaji mapema ni siku gani belo la magauni linafunguliwa. Hawafichi, wanataka wateja.

MpwaniMombasa:

Kama Malindi mkikosa, soko la mitumba la Kongowea, huku Mombasa, hamjafika mbali. Matatu ya kutoka kwenu inakushusha pale kabla hata ya kuvuka daraja la Nyali. Ni kilomita kama 120, kwa hiyo nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wawili itakula sehemu ya hiyo 4,000. Mimi ningemaliza Malindi kwanza.

Ukiamua kushona, kitambaa ni mtaa wa Biashara, huku mjini Mombasa. Uliza upana kabla ya bei. Kitambaa cha inchi 60, mita 3 zinamtosha msichana mfupi gauni refu la mikono. Cha inchi 45 utahitaji mita 4 au zaidi, na hapo ile bei ndogo ya mita moja inakuwa imekudanganya. Usisahau bitana na zipu, wengi hawazipigii hesabu.

FundiCherehani_Ngala:

Dada, mimi niko kwenye cherehani kila siku, nisikilize kwa hili.

Magauni ya jioni ya mitumba mengi yamekatwa kwa wanawake warefu. Kwa binti mfupi hiyo ni neema. Nikilipunguza chini, ninabaki na kitambaa kile kile, rangi ile ile, na hicho ndicho ninachokatia mikono. Sketi ikiwa pana, kipande kinachobaki kinatosha mikono ya viwikoni bila shida. Ikiwa ya kubana hakitoshi, na hapo tunatafuta shifoni, kile kitambaa chepesi chenye kupenyeza mwanga, ya rangi inayokaribiana tunatia mikono mirefu. Shifoni ikipishana rangi kidogo watu huona ni mtindo. Satini ikipishana huonekana kiraka.

Mkiwa sokoni ligeuzeni ndani nje. Tazameni mshono wa ubavuni umeachiwa nafasi kiasi gani. Kama kuna inchi nzima imekunjwa ndani, ninaweza kulipanua. Kama mshono umekatwa ukingoni, hapana cha kupanua. Kwa umbo ulilolieleza, nunueni linalomkaa nyongani hata kama kifuani linapwaya. Kubana kifua ni kazi ya muda mfupi. Kuongeza nyonga ni kutia kipande, na kipande pale mahali kila mtu atakiona.

Kisha liinueni mlitazame juani, na muangalie kwapani. Satini ikishakula jasho inabadilika rangi, na hakuna sabuni itakayoirudisha. Zipu ipandisheni na kuishusha. Ikikwama isiwavunje moyo, kubadilisha zipu ni kazi ndogo, ila itumieni kupunguzia bei. Lililojaa shanga mpaka kwenye mishono liacheni kabisa, hata liwe rahisi namna gani. Ili nilipunguze lazima nifumue shanga za pembeni moja moja, kisha nizirudishe kwa mkono, na gharama yangu itapita bei mliyonunulia. Shanga za mbele zisizofika kwenye mshono hazina neno.

Kuhusu kushona kipya, kwa 4,000 inawezekana lakini itakubana. Kitambaa, bitana, zipu na ufundi vikishalipwa, cha viatu hakibaki.

BabaWawili:

Naheshimu mawazo ya wote, ila nauliza kwa nia njema. Hiyo 4,000 kwa mtoto anayekaribia KCSE si ingenunua vitabu vya marudio? Sisi tulimaliza shule bila dansi na tukaagana vizuri.

ShangaziWaBarani:

Baba, vitabu mama huyu hajasema amekosa kununua. Mtoto wa kike akibaki nyumbani usiku ule peke yake darasa zima, atalikumbuka hilo hata kwenye chumba cha mtihani. Na gauni likichaguliwa vizuri si la siku moja. Litavaliwa Idi, litavaliwa kwenye harusi za jamaa, na likimbana atavaa mdogo wake. Ndiyo maana tunamwambia asikodi.

BabaWawili:

Hapo umenishinda Shangazi. La kuvaliwa tena, sawa.

MwalimuGede:

Nimesimamia jioni za namna hii, niongeze lile ambalo dukani halionekani. Oktoba kusi linakuwa limelegea na joto limeanza kupanda. Ukumbi umejaa watoto, mapangaboi hayatoshi, na baada ya chakula wanacheza. Satini ya poliesta inashika mwili, na tone la jasho au la maji linaonekana kwa mbali. Mumshawishi achukue krepi. Inaanguka vizuri, haikunjamani ovyo, na haionyeshi jasho haraka. Kama anataka kung'aa, ung'ae mtandio au mkanda.

Gauni lisiburute. Liishie juu ya kifundo cha mguu au liguse kiatu tu. Kila mwaka nawaona wasichana wameshika rinda kwa mkono mmoja usiku mzima, na kucheza kwenyewe hawachezi. Viatu viwe vya kisigino kifupi kinene, au hata vya chini kabisa, alivyokwisha kuvitembelea nyumbani kwa siku kadhaa.

Na mama, yasome tena masharti ya shule kabla ya kukata kitu. Kama mpasuo umekatazwa, usikubali gauni la mpasuo kwa matumaini ya kuuziba baadaye. Ukizibwa, mtoto hawezi kupiga hatua.

BintiLangoni:

Nawasalimu kutoka Lamu. Mengi yameshasemwa, mimi naja na la kuazima. Huku kwetu mtu hatoki kwenda harusini kwa vitu vyake pekee. Bangili za shangazi, mkoba wa dada, mtandio wa jirani. Pitisha neno kwa jamaa, useme rangi ni kijani kilichokolea, utashangaa nini kitatoka kabatini kwa watu. Mtandio wa dhahabu iliyofifia utaenda na kijani vizuri kuliko wa kijani mwenzake, maana kijani kwa kijani visipolingana vinagombana.

Nywele na mapambo ya uso usiyalipie saluni. Hina ya mikononi apakwe nyumbani siku mbili kabla, ndipo rangi iive. Siku yenyewe mfungie kikuba kidogo cha asumini na mrehani, akibane kifuani upande wa kushoto kwa pini. Kifungwe alasiri, asumini mbichi bado zimejifumba. Zitafunguka jioni akiwa ukumbini, na harufu ile hakuna manukato ya chupa yatakayoifikia. Na ni pesa kidogo sana, ukiwa na jirani mwenye mti ni bure.

KakaWatamu:

Samahani kuingilia uzi. Mdogo wangu wa kiume yuko kwenye sherehe ya namna hii shuleni kwao, na suti mpya hatuiwezi. Naye mnamshauri nini?

FundiCherehani_Ngala:

Kaka, koti la mitumba linunue kwa mabega. Mshono wa bega ukae pale bega lake linapoishia, usianguke mkononi. Mikono ya koti naifupisha, suruali naipunguza kiuno na kuikunja chini, lakini mabega ukitaka niyarekebishe ni kulivunja koti zima, na mara nyingi halirudi lilivyokuwa. Si lazima koti na suruali vitoke suti moja. Koti la buluu nyeusi na suruali ya kijivu ni vazi rasmi kamili.

BintiLangoni:

Na kama shule haikukataza, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, koti juu yake na kofia. Pwani hii hakuna atakayemwambia hakuvaa rasmi. Kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono ina bei, hiyo aazime kwa babu.

DadaShella:

Tahadhari moja kwa mama. Usiagize gauni kwenye mtandao ukalipa kabla hujaliona. Mimi nililetewa kitambaa chembamba mpaka bitana inaonekana, rangi nyingine kabisa na ile ya picha, na muuzaji akaacha kupokea simu. Kama ni lazima, basi lipa baada ya kulishika mkononi, na ubaki na siku za kutosha kutafuta jingine.

MamaWaMaweni:

Mrejesho, ndugu zangu. Allah awalipe kheri nyote.

Tulikwenda mitumba siku ya kufunguliwa belo, kama Shangazi alivyosema, na hatukuhitaji kufika Kongowea. Binti alikimbilia satini inayong'aa. Sikumkatalia, nilimwambia ailinganishe na krepi. Muuzaji alikuwa na kioo kirefu nyuma ya pazia. Alipovaa krepi akageuka, akanyanyua mikono, akainama kama anafunga kiatu, akaniambia mwenyewe, "Mama, hili hapa." Kijani kilekile alichokitaka, sketi pana, refu mpaka lilimfunika miguu na kubaki sakafuni. Nyongani limemkaa. Kifuani linapwaya. Zipu ilikuwa inakwama katikati, na kwa hiyo zipu muuzaji akashuka kutoka 1,500 hadi 1,200. Nimelirowesha kwa maji yenye siki kidogo kuondoa ile harufu ya belo, na nimelianika kivulini.

Mtandio wa dhahabu umetoka kwa wifi yangu. Viatu tumepata vya kisigino kifupi, 650. Kwa hiyo fundi, nimebakiwa na pesa yako na akiba juu.

Swali langu ni hili: gauni halina mikono, na shimo la mkono limekatwa chini sana, akinyanyua mkono sidiria inaonekana ubavuni. Ukitia mikono hilo litajifunika, au panahitaji kitu kingine?

FundiCherehani_Ngala:

Mashallah, mmechagua vizuri. Mikono peke yake haitatosha hapo. Shimo likiwa chini kiasi hicho, akinyanyua mkono gauni zima litapanda naye. Tutatia kikwapa, yaani kipande cha kuziba chini ya kwapa, kutoka kwenye kitambaa cha chini, kisha mikono ndiyo ije juu yake. Kipande chote kitakachokatwa kibaki kwangu mpaka tumalize, kisije kikatupwa.

Njoo naye Jumanne asubuhi. Ijumaa nafunga mapema, na Jumamosi meza yangu imejaa nguo za maharusi. Aje na viatu vile vile atakavyovaa na sidiria ile ile, maana urefu naupima akiwa juu ya kiatu. Zipu mpya nitanunua mimi, utanirudishia. Nitakupa siku ya kujaribu wiki nzima kabla ya sherehe, ili kukiwa na pa kugusa tuwe na nafasi.

MamaWaMaweni:

Jumanne saa tatu tuko kwako inshallah.