YULE BWANA WA KIBANDA UMIZA KANIITA DONALD MBELE ZA WATU!!!

Mzee wa Ova (mleta uzi)

Wakuu, mikono inatetemeka na siyo kwa baridi. Sitaji jina. Hapa Mbeya, kuanzia Uyole mpaka Iyunga nani asiyemjua, na lile koti lake la mvua analolivaa hata Oktoba jua likichoma?

Mechi ya soka iko mapumziko, nawaelimisha vijana kuhusu Lance Klusener, mchezaji wa kriketi wa Afrika Kusini. Mtu anatupa, mtu anapiga! Mechi yake ya kwanza ya Testi, zile mechi ndefu za siku tano, Kolkata 1996, kang'oa wiketi 8, yaani kawatoa wapigaji wanane, akiruhusu mbio (ndizo pointi za kriketi) 64 tu katika zamu moja. Kombe la Dunia 1999 mbio 281, wiketi 17, mchezaji bora wa mashindano. Kastaafu, kawafundisha wapigaji wa Zimbabwe, kisha 2019 mpaka 2021 kocha mkuu wa Afghanistan. Yule bwana anadakia: kriketi ni mchezo wa watu wasio na shamba la kupalilia. Nikameza. Akasema huyo Klusener hajawahi kumsikia tangu azaliwe. Nikameza hiyo nayo.

Chips zangu zikaitwa. Nainuka, nageuka nimalizie pointi, uma ukaanguka, dogo wa benchi la nyuma akadaka sahani. Ndipo yule bwana, rimoti mkononi, bila hata kunitazama:

"KAA CHINI, DONALD."

Watu walicheka mpaka mabati yakainuka. Nadhani Malawi walisikia. Na wengi wao hata Donald hawamjui!

Allan Donald, jamani, mwenzake Klusener! Edgbaston, Uingereza, 17 Juni 1999, nusu fainali ya Kombe lile lile na Australia. Ova ya mwisho, yaani mipira sita ya mwisho, Afrika Kusini wanataka mbio 9 washinde, wiketi iliyobaki moja. Klusener nne, Klusener tena nne, mbio zimelingana 213 kwa 213, inatakiwa moja tu. Mpira wa nne Klusener huyoo anakimbia, Donald kaganda, gongo limemdondoka, katolewa. Sare, na Australia wakapita kwa sababu walimaliza juu yao kwenye msimamo wa raundi iliyotangulia.

Sasa niambieni: mtu asiyemjua Klusener kajuaje kwamba Donald aliangusha gongo? KAJUAJE? Miaka yote ananidhihaki kumbe alilala na redio sikioni kama mimi!

Natoka mlangoni, bodaboda ananiuliza, "Donald, twende?"

Mnyalu wa Kihesa

Kamwene wakuu. Nimesoma yote kwa utulivu. Chips alikula nani?

Mzee wa Ova

Ndugu yangu, hiyo siyo hoja. Hoja ni "kaa chini". Mtu mzima na ndevu zangu, kaa chini!

Fundi Redio

Pole Donald. Ila tuseme ukweli, Klusener ndiye aliyetoka mbio bila kuitana na mwenzake. Mipira miwili ilikuwa bado. Haraka ya nini?

Mzee wa Ova

Hata wewe Fundi? Mtu ana mbio 31 kwa mipira 16, hajatolewa, unamlaumu? Umetumwa na yule bwana.

Dada wa Soweto

Kaka, wewe shukuru umepata jina. Mimi alinitoza kiingilio, umeme ukakatika kabla hata kona haijapigwa. Nadai hela yangu, ananijibu, "Dada, giza nalo umelitazama." Na soda akanihesabia.

Fundi Redio

😂😂😂 Giza nalo umelitazama. Huyu bwana agombee udiwani.

Kiazi Mviringo

Mnalilia uma na giza, wenzenu tunalia lumbesa. Juzi Isyonje dalali kashona gunia kilemba juu ya kilemba, mpaka wapakiaji wanaangaliana nani aanze kuinua. Sheria inasema kilo 100 zisizidi. Namwambia, ananijibu sheria iko mjini, viazi viko huku.

Mnyalu wa Kihesa

Lumbesa angalau unaiona kwa macho. Sisi huku Iringa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, unatiwa maji, unakunywa kutwa nzima unarudi nyumbani unajua majina ya watoto wote. Huo ni wizi.

Mzee wa Ova

Wakuu, turudi kwenye mada. Kaniambia KAA CHINI. Kwa rimoti. Mbele ya dogo anayekula chips zangu.

Kiazi Mviringo

Donald, kaa chini, tunaongelea lumbesa.

Dada wa Soweto

Kiazi, una mzigo sasa hivi? Nyekundu au nyeupe? Madalali wa Mwanjelwa wamenichosha.

Kiazi Mviringo

Nyekundu, Jumamosi nashusha Uyole. Napima kwa mzani.

Mnyalu wa Kihesa

Iringa unaleta?

Kiazi Mviringo

Nauli juu yako. Na ulanzi usio na maji.