Miaka nane naimba sauti ya nyuma kwa watumishi, nashindwa kutaja bei. Naombeni ushauri

Alto wa Kimara

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Mimi ni dada wa miaka 31, naishi Kimara. Nimelelewa na kwaya ya vijana ya usharika wetu wa KKKT, sauti ya pili tangu darasa la sita. Miaka nane sasa naitwa studio kuwaimbia watumishi, yaani waimbaji wa Injili, viitikio, na kwenye kurekodi laivu nasimama na wale watano sita wa nyuma. Kuna nyimbo mnazisikia redioni Jumapili asubuhi na sauti yangu imo.

Kazi yenyewe naipenda. Sauti zote zikikaa mahali pake, kila mtu akamsikia mwenzake, huwa nasikia kabisa kwamba hapa ndipo Mungu aliponiweka.

Shida ni hii. Juzi kuna mtumishi alituita kwa ajili ya laivu yake. Mazoezi wiki tano, mara tatu kwa wiki, Tegeta. Daladala mbili kwenda, na kurudi usiku ni bodaboda. Sare tulishona wenyewe. Siku ya tukio tulisimama tangu saa kumi jioni hadi saa saba usiku. Mwisho tukapewa bahasha, nyumbani nakuta elfu thelathini. Baadaye nikajua mpiga kinanda, mpiga ngoma na wa besi walielewana bei tangu mwanzo, na nusu walishapewa kabla ya mazoezi kuanza. Video ilipotoka, aliyepamba nyuso kaandikwa, aliyeshika kamera kaandikwa, sisi hatumo.

Nilipomuuliza kwa upole, akaniambia: "Dada, wewe unamwimbia Mungu au unaimbia pesa?" Nililia njia nzima.

Sasa kuna mwingine kanipigia, nyimbo nne, studio Sinza, Jumanne ijayo. Mimi ni muuzaji wa duka la dawa, siku nikikosa kazini inakatwa. Nisemeje bei bila kuonekana nafanya biashara ya Injili?

Besi Nyuzi Nne

Pole sana dada. Mimi ni mmoja wa hao wapiga vyombo, na nakiri tumewahi kupanda gari moja na waimbaji tukijua wao hawana makubaliano, tukanyamaza. Si sawa.

Sisi tunataja bei kabla ya kubeba gitaa, basi. Akipiga simu, msikilize, mbariki, halafu umwambie utamwandikia. Kwenye simu utalegea. Andika hivi: "Shalom mtumishi, nimefurahi kuitwa. Kwa nyimbo nne gharama yangu ni kiasi fulani, nusu kabla ya kuingia studio, nusu siku hiyo tukimaliza. Naomba pia jina langu liandikwe kwenye maelezo ya wimbo." Usiongeze maelezo ya kodi wala ada za watoto. Ukianza kujieleza umeshaanza kupunguza.

Mjoli

Mimi nina mashaka kidogo, na naongea kwa upendo. Tumepewa bure, tutoe bure. Nimeona vijana wakitoka kwenye timu za sifa kwa sababu ya kuzoea bahasha, Jumapili kanisani kwao hawaonekani. Dada linda moyo wako.

Mzee wa Nota

Mjoli, hofu yako naielewa, nimeiona pia. Lakini soma Nehemia 13 mstari wa 10. Nehemia anarudi Yerusalemu anakuta Walawi na waimbaji hawakupewa sehemu zao, kila mmoja kakimbilia shambani kwake. Hakuwagombeza waimbaji, aliwagombeza wakuu. Na sura ya 11 inasema waimbaji walikuwa na fungu lao la kila siku lililopangwa. Kwa hiyo kijana akitoka kwenye timu, kabla ya kumwita mpenda pesa tuulize kwanza kama fungu lake lilimfikia.

Mama Sauti ya Tatu

Mwanangu Alto, nimeimba nyuma kwa miaka mingi kuliko uliyonayo, ngoja nikuambie ninavyopambanua. Usharikani kwangu naimba bure, msibani bure, mkutano wa Injili wa mtaa bure na nauli natoa mwenyewe. Hiyo ni sadaka yangu na hainiumi. Lakini mtu akirekodi wimbo ambao ni mali yake, atauweka YouTube, ataalikwa nao, hapo amenikodi nimsaidie kujenga nyumba yake. Fundi aliyemjengea ukuta alimlipa.

Halafu weka bei kwa wimbo, usiweke kwa siku. Studio utaambiwa ni wimbo mmoja, kumbe utaimba mstari wako, utaurudia mara tatu ili sauti ijae, kisha prodyuza atasema "dada hebu jaza na ya kwanza pale juu". Umeshafanya kazi ya watu watatu. Uliza mapema: naimba sauti ngapi, na tupo wangapi?

Na bei iendane na kazi. Sikiliza wimbo wa mfano siku mbili kabla, uandike mstari wako kwa do re mi. Kiswahili chetu maneno yanaishia na irabu, ndipo waimbaji wengi wa nyuma wanapoharibu: mmoja anafungua "e" ya "milele" kama anapiga miayo, mwingine anaibana. Mtazame anayeongoza mdomo, muachie pamoja. Kwenye hedifoni acha sikio moja wazi usikie chumba, utajua kama umepanda. Ukitoka na kazi safi ndani ya saa mbili, prodyuza mwenyewe ndiye atakayekutetea, maana saa za studio ni pesa. Mimi nusu ya kazi zangu zimetoka kwa maprodyuza, watumishi wachache sana.

Ukiweza, ongeza elimu. Chuo Kikuu cha Makumira kule Usa River wana shahada ya muziki, Bagamoyo kuna chuo cha sanaa, TaSUBa. Anayesoma nota haitwi kwa kuonewa huruma.

Nai_Tenor

Nawasalimu kutoka Nairobi. Huku mtunzi alikuwa na chama chake, MCSK, na anayeimba au kupiga chombo kwenye rekodi ana haki yake mbali, tukajiandikisha PRISK, chama cha waimbaji na wapiga vyombo. Lakini bila jina lako kuandikwa popote, utathibitishaje kwamba ulikuwa kwenye huo wimbo? Kwa hivyo jina si mambo ya kiburi. Darlene Love wa Marekani, binti wa mchungaji aliyeanzia kwaya ya kanisa, mwaka 1962 aliimba sauti ya mbele kwenye wimbo uliotolewa kwa jina la kundi la The Crystals, ukafika namba moja kule kwao. Heshima ya Rock and Roll Hall of Fame alikuja kuipata 2011.

Besi Nyuzi Nne

Naongezea hapo. Hata Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inamtambua anayeimba, si mtunzi peke yake. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, nenda ukaulize. Na tunza ujumbe wote wa simu, usifute.

Alto wa Kimara

MREJESHO. Asanteni wapendwa, nimesoma yote, na Mjoli nimekuelewa pia. Jumapili nitakuwa kanisani kama kawaida.

Nilituma ule ujumbe jana saa mbili usiku, mikono inatetemeka. Kimya hadi leo mchana. Nikajua basi, nimeikosa. Saa tisa akajibu kwamba bajeti yake inatosha nyimbo tatu, ya nne atamuita mwingine. Nusu imeingia M-Pesa. Kuhusu jina amesema hakuwahi kuombwa kitu hicho na mwimbaji wa nyuma, ila niandike linavyosomeka vizuri atamtumia anayepandisha video.

Kazini nimeomba ruhusa ya Jumanne. Mama Sauti ya Tatu, samahani, mvuke wa asubuhi wa kulainisha koo ni kabla ya chai au baada?

Mama Sauti ya Tatu

Kabla, mwanangu. Na siku hiyo kunywa chai ya rangi, maziwa yaache hadi utoke studio.