Naomba ushauri: neno "guy" katika barua ya mwaka 1874

Mfasiri Chipukizi: Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafasiri barua za familia moja ya Uingereza. Katika barua ya mwaka 1874, mama anamkataza bintiye kwenda kanisani na kofia fulani kwa sababu itamfanya aonekane "guy". Kamusi yangu inasema neno hilo ni "mwanamume", maana ambayo hapa haiingii kabisa. Niandike nini?

Mzee wa Kamusi: Mkuu, rudi kwenye usiku wa kuamkia 5 Novemba 1605, Guy Fawkes alipokamatwa chini ya jengo la Bunge, London, akilinda mapipa 36 ya baruti yaliyokusudiwa kumlipua Mfalme James I pamoja na wabunge wake. Waingereza wakafanya desturi ya kuwasha mioto kila tarehe hiyo, na watoto wakawa wanashona sanamu ya matambara, wanaijaza majani makavu, wanaivika koti kuukuu na kofia iliyopondeka, kisha wanaizungusha mitaani wakiomba senti kabla ya kuitia motoni. Sanamu hiyo ndiyo iliyoitwa "guy", na katika karne ya 19 jina likahamia kwa yeyote aliyevaa hovyo hata akachekwa, awe mwanamume au mwanamke. Mama huyo anamwambia bintiye kwamba ataonekana kinyago, nami ningeandika hivyo hivyo, kwani msomaji wetu ataipata kejeli bila kuhitaji maelezo.

Binti Pwani: Namuunga mkono Mzee. Niongeze tu kwamba ukikutana na neno hilo katika barua kutoka Marekani, usilichukulie kuwa tusi, kwa maana huko lilipoteza dhihaka likabaki kumtaja mwanamume yeyote, yaani "jamaa", na baadaye wingi wake ukatumika kuita kundi lote, wanawake wakiwemo. Hapo "jamani" au "wenzangu" hutosha. Kamba ya kukazia hema nayo huitwa "guy", ila asili yake ni nyingine.

Mfasiri Chipukizi: Ahsanteni sana, wakuu. Naandika "kinyago". Yupo pia mjukuu aliyehamia Chicago, ambaye katika barua ya mwaka 1921 anamsifu "guy" aliyempatia kazi. Huyo nitamwita jamaa.

Mzee wa Kamusi: Sawasawa kabisa.