Lile kanisa la kwenye nasari

Kikundi: Ukoo Wetu 🌴
Ijumaa jioni

Mama Neema: Hamjambo wote. Shikamoo Shangazi, shikamoo Mjomba. Leo Baba Neema ametoka mlangoni mpaka dukani bila magongo. Fimbo moja tu. Daktari asema mfupa umeshika.

Shangazi (Rabai): Marahaba mwanangu. Haleluya! Nimepiga kigelegele peke yangu hapa uani.

Mama Salim (Likoni): Alhamdulillahi. Wifi, mpe shemeji salamu zangu. Salim amesikia, aruka ruka hapa.

Mjomba (Voi): Marahaba mama. Mungu ni mwema. Asiharakishe lakini, paja si kidole.

Mama Neema: Tutamzuia Mjomba. Sasa nimeandika kwa sababu Jumapili twaenda kutoa shukrani kule kanisani, nataka ushauri wenu. Na jambo la pili, wengi wenu mko mbali, mmesikia tu "kanisa limewasaidia". Hamjui lilisaidia vipi. Nataka mjue. Ni maneno mengi, mnivumilie.

Mjomba (Voi): Eleza. Tuko.

Mama Neema: Hilo kanisa ni dogo. Wakijaa sana Jumapili hawafiki arobaini, na watoto wamo. Jengo si lao, ni darasa la nasari, wapangisha Jumapili na Jumatano jioni. Ukutani kuna a, e, i, o, u na picha ya tembo. Mchungaji mwenyewe ni fundi cherehani mtaani Magongo, siku za kazi yuko na mashine yake barazani. Mimi nilikuwa nikienda mara moja moja tu, Baba Neema hakuwa akienda kabisa. Kwa hivyo hawakuwa na deni lolote na sisi.

Mama Neema: Lile robota la mitumba lilipomwangukia Baba Neema kule yadi anakobeba mizigo, nilipigiwa simu saa nane mchana. Nikakimbia hospitali na kanga ya nyumbani, watoto nimewaacha kwa jirani. Jioni mchungaji akaja. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa maombi marefu, unajua tena. Alichouliza ni hiki: "Mama, nani analala na watoto leo?" Nikasema sijui. Akatoka nje akapiga simu. Aliporudi ndipo akaomba, maneno machache, akaenda zake. Usiku ule mama mmoja wa kanisa na binti yake walilala kwangu, asubuhi watoto wakaenda shule wamevaa sare zilizopigwa pasi.

Kitinda (Nairobi): Dada hukuwahi kunieleza hii 😭

Mama Neema: Nilikuwa sina hata nguvu ya kueleza.

Baba Salim (Doha): Assalaam aleikum wote. Nimetoka zamu sasa hivi. Dada, nafurahi kwa shemeji, wallahi. Lakini niulize kama kaka yako. Watu hawa hawatakuja kesho wakawadai? Mjiunge, mtoe fungu la kumi, msimame mbele mtoe ushuhuda? Nimeona watu wakisaidiwa halafu msaada ukageuka kamba.

Mama Neema: Kaka, swali lako ni la haki na hata mimi nilikuwa nalo. Nilingoja hilo ombi lije. Halijaja mpaka leo. Baba Neema hajakanyaga pale, na hakuna aliyemuuliza.

Shangazi (Rabai): Baba Salim mwanangu, ngoja nikwambie. Kanisa la pwani hii lilianza na watu wasio na kitu. Hapa Rabai tangu enzi za wamisionari Krapf na Rebmann, 1846 huko. Baadaye watoro wakakimbilia hapa, watu waliokuwa watumwa, wamefika na nguo moja mwilini. Na Frere Town pale Mombasa mwaka 1875 ikafunguliwa kwa ajili ya walioachiwa huru kutoka majahazi ya watumwa. Kengele yao ingali pale Kengeleni. Walipokelewa, nao wakapokea wengine. Bibi yangu aliyasimulia haya kila tukikuna nazi. Wapo wanaotoa ili wakufunge, kweli. Na wapo wanaotoa kwa sababu wenyewe walipokelewa. Angalia mikono yao wafanya nini.

Baba Salim (Doha): Nimekusikia Shangazi. Nasikiliza.

Mama Neema: Basi mikono yao ndiyo nataka kuieleza.

Damu kwanza. Kabla ya upasuaji tuliambiwa ndugu waje watoe damu kuirudishia hospitali. Ndugu nani? Nyinyi mko Doha, Nairobi, Voi. Shemasi akaja na vijana. Msichana mmoja alirudishwa kwa sababu hakufika kilo 50, akatoka pale analia. Mama wa kanisa akamwambia basi wewe nenda ukawapikie watoto wa mgonjwa. Akaja, akapika maharagwe ya nazi, akamsaidia Neema hesabu za mgao. Mpaka leo akipita hapa watoto wamtolea kiti.

Mama Salim (Likoni): Masikini mtoto wa watu. Mungu amlipe.

Mama Neema: Halafu SHA, ile bima ya afya ya serikali. Si mwajua kibarua hakatiwi ile asilimia 2.75 ya mshahara, maana hana mshahara wa mwezi. Ni ujilipie mwenyewe, tena mwaka mzima kwa mkupuo. Mimi nilikuwa sijasajili hata. Kijana mmoja wa kwaya akakaa nami kwenye benchi la wodi, akabonyeza *147# kwenye simu yangu. Maswali mengi: paa ni la nini, choo cha namna gani, maji mwachota wapi. Tukapewa kile kiwango cha chini, 300 kwa mwezi, ndiyo 3,600 mwaka. Sikuwa nayo. Jumatano ile wakapitisha kapu. Niliyaona manoti yale: hamsini hamsini, na sarafu za mkate. Hakuna tajiri pale, kaka. Wengine ni mama wa mboga, wengine wa tuktuk, mmoja yuazibua mitaro.

Mjomba (Voi): Hiyo ndiyo sadaka inayoniuma mimi. Ya mtu ambaye naye hana.

Mama Neema: Na kuna bibi mmoja mjane auza mahamri alfajiri stejini. Yeye hakuweka kwenye kapu. Kila asubuhi, kabla hajauza, alimtuma mjukuu na mahamri ya watoto wangu, yamefungwa gazeti, moto bado, gazeti limelowa mafuta. Mahamri ya kwanza ya karai. Si yale yaliyobaki jioni. Mimi hilo ndilo lililonivunja moyo kwa uzuri. Mtu akupa ya kwanza kabla hajajua kama siku hiyo atauza.

Kitinda (Nairobi): Dada nalia kwenye matatu, watu wananitazama.

Shangazi (Rabai): Lia tu mama. Si aibu.

Mama Neema: Walikuwa na daftari. Daftari la shule hili la kurasa 96. Mama wa kanisa ameliandika mistari: Jumatatu kufua, jina. Jumanne maji, jina. Jumatano kulala na mgonjwa, jina. Maji huku kwetu mwajua mifereji yakauka wiki nzima, dumu la lita 20 wauziwa na wa mkokoteni kwa bei anayotaka. Kijana wa Jumanne alikuja na madumu yake amefunga kwenye baiskeli, yuajaza pipa, yuaondoka, hata chai hangoji. Hakuna aliyekuja kuniuliza "wahitaji nini?" Mtu akiwa kwenye shida swali hilo ni gumu, hujui uanzie wapi, na waona haya. Wao walitazama wakaona pipa tupu.

Baba Salim (Doha): Hapo umenishika, dada. Na ile yadi? Mwajiri alisemaje?

Mama Neema: Mwajiri alituma mtu na 2,000 na soda, basi. Hilo la fidia Baba Neema ataeleza mwenyewe, simu anayo.

Baba Neema: Shikamooni wakubwa. Mimi si mwandishi lakini nitajaribu. Pale kanisani kuna mzee alikuwa karani bandarini miaka mingi, amestaafu. Alikuja hospitali na miwani yake na karatasi. Akanieleza kuna sheria, WIBA, ya mwaka 2007, fidia ya ajali kazini. Kwamba mtu anayelipwa ujira amo. Mwajiri akishapata habari ya ajali ana siku saba kuripoti kwa serikali, na mimi nina miezi 12 kudai, ikipita imepita. Mimi miaka yote hiyo nabeba mizigo sikuwahi kusikia. Nilidhani kibarua akivunjika ni bahati yake.

Baba Neema: Mzee akaandika barua ya taarifa kwa mkono, nakala mbili, ya pili ikagongwa muhuri na kupokelewa. Akamtafuta mwenzangu aliyeona robota likianguka, akachukua maelezo yake mapema kabla hajaogopa. Akanipeleka ofisi ya kazi kwa tuktuk, nikiwa na plasta mguu mzima, mguu umetokeza nje na yeye ameushika njia nzima usigongwe. Mtu wa miaka yake. Madai yamepokelewa, twangoja daktari aandike kiwango cha ulemavu. Sijui nitapata ngapi. Lakini nimesimama kama mtu mwenye haki, si ombaomba. Hilo ndilo alilonipa yule mzee.

Mjomba (Voi): Baba Neema, umeandika vizuri sana. Huyo mzee nataka nimwamkie kwa mkono wangu.

Baba Salim (Doha): Shemeji, Mungu akupe afya. Swali langu nimelirudisha mfukoni. Hao ni watu.

Mama Salim (Likoni): Na mimi nilikutana nao hospitali, mume wangu, sikukwambia? Ilikuwa Ramadhani, magharibi ikanikuta wodini. Wale wamama wakafungua hotipoti yao, wakanitolea tende na uji. Walizinunua tende kwa ajili yangu, maana waliambiwa wifi yake aja na amefunga. Wakaninyamazia nikaswali pembeni.

Kitinda (Nairobi): Sasa Jumapili twafanya nini? Mimi nasema tukodi vipaza sauti, tuchinje mbuzi, tusome majina yao wote!

Mama Neema: Nilimwambia mchungaji hivyo hivyo kuhusu majina. Akakataa kwa upole. Asema yule aliyetoa hamsini na yule aliyeshindwa kutoa wataketi benchi moja Jumapili, hataki mmoja atajwe mwenzake ainame. Nikauliza basi tufanye nini. Akanionyesha daftari. Kuna ukurasa mpya. Mama mmoja nyuma ya kwetu, mvua za Mei zimemwangushia ukuta, ana mtoto mchanga, mumewe baharini na wavuvi. Si wa kanisa hilo, wala si Mkristo.

Mama Neema: Nimejiandika Alhamisi, kufua.

Baba Neema: Na mimi Jumatatu nampeleka kijana mmoja ofisi ya kazi. Amekatwa kidole na mashine, hajui fomu zianzia wapi. Mimi najua sasa.

Shangazi (Rabai): Wanangu. Mmenifurahisha. Vipaza sauti waachieni wenye harusi. Pikeni chakula, mle wote pamoja baada ya ibada, na sehemu ipelekwe kwa huyo mama mwenye mtoto kabla wengine hawajaanza kula.

Mjomba (Voi): Nakubali. Mbuzi natoa mimi. Wadigo, Wataita, Warabai, wote wanakula mbuzi 😊 Kesho anapanda basi la asubuhi na kijana wangu.

Mama Salim (Likoni): Mchinjaji awe Mwislamu basi, tule sote. Mimi natoka kwetu na kaka yangu atawachinjia. Tutavuka feri ya saa kumi na mbili. Naja na sufuria kubwa ya wali.

Baba Salim (Doha): Mchele na mafuta ni wangu. Nimetuma kwa mke wangu sasa hivi. Na dada, mwezi wa kulipa SHA yenu ya mwaka ukifika, niambie mimi kwanza.

Kitinda (Nairobi): Nauli yangu ya treni nimepata, naja kesho jioni. Mimi niandikeni kukatakata vitunguu.

Shangazi (Rabai): Nazi thelathini zatoka Mazeras kesho saa nne, nitampa makanga. Nani atazipokea steji ya Mikindani?

Baba Neema: Mimi Shangazi. Nitakaa pale kwa mama wa mahamri nikizingoja, na wa baiskeli atazibeba.

Mama Neema: Mbuzi wawili ni bora kuliko mmoja Mjomba, kama mkono waruhusu. Watoto wa nasari wa jirani huja wakisikia harufu.

Mjomba (Voi): Wawili. Andika.