Ulinganisho: ni njia ipi ya kuingiza tarehe katika Org isiyompotosha mtumiaji?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulinganishe njia za kuingiza tarehe katika Org, ile sehemu ya kupangia kazi ya Emacs (kihariri cha maandishi) ambayo Carsten Dominik aliianzisha mwaka 2003 na ambayo huhifadhi kila kitu katika faili la maandishi matupu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, na tarehe zetu zote za vikao na marejesho zimo humo. Mwezi wa nane nilibonyeza C-c C-d (Ctrl na c, kisha Ctrl na d) ili niweke siku ya mwisho ya rejesho fulani, nikaandika 3/9 nikiwa na maana ya tarehe tatu Septemba, kisha nikabonyeza Enter. Programu iliisoma kuwa tarehe tisa Machi, na kwa kuwa Machi ilikwisha kupita, ikaipeleka Machi ya mwaka unaofuata. Rejesho halikutokea katika ajenda hata siku moja, na niligundua kosa pale mwanachama mmoja aliponiuliza kwa upole kama deni lake limesamehewa.

Nina njia tatu mezani: kuandika tarehe kamili daima, kwa mtindo wa 2025-09-03, kutumia vifupisho vya kuhesabu kuanzia leo, au kuhamia Taskwarrior, programu nyingine ya kupangia kazi, inayotumia amri za kuandika. Ninyi mnatumia ipi, na kwa nini?

Mkaa_na_Amri

Mimi natumia Taskwarrior. Ukiiweka "dateformat", yaani mpangilio wake wa tarehe, iwe d/m/Y, itasoma siku kwanza, kisha mwezi, kama tulivyozoea kuandika huku kwetu, na hilo peke yake lingekuepusha na ajali ya Septemba. Vifupisho vyake pia ni vizuri: "due:eom" ni mwisho wa mwezi, jambo ambalo katibu wa fedha hulihitaji kila mara. Upungufu wake ni kwamba unaandika amri nzima kwa mkupuo mmoja, na wakati unaandika hakuna kinachokuonesha tarehe imeeleweka vipi. Mwenye shaka huijaribu tarehe kwanza kwa amri ya "task calc", lakini, tuseme ukweli, ni nani huwa na shaka kabla ya kukosea?

Faili_Moja

Ndugu mleta mada, usihame kwa sababu ya mkwaju (/) mmoja. Org husoma mkwaju kwa desturi ya Marekani, mwezi ukitangulia, lakini nukta huisoma kwa desturi ya Ulaya: ukiandika "3.9." pamoja na nukta ya mwisho, utapata tarehe tatu Septemba. Hiyo nukta ya mwisho watu wengi huisahau.

Hata hivyo, sidhani kwamba tatizo lako ni mpangilio wa tarakimu. Unapoandika, Org huonesha papo hapo, mbele ya maandishi yako, mshale wa "=>" na tarehe kamili iliyoielewa, pamoja na jina la siku. Siku ile ilikuonesha Machi, nawe hukuitazama. Mimi nilizima kalenda inayofunguka, yaani "org-read-date-popup-calendar" nikaiweka nil, kwa sababu kalenda ile ya miezi mitatu ilikuwa ikiyavuta macho yangu mbali na mstari wenye jibu. Sasa macho yana mahali pamoja tu pa kutua. Jambo la kuangalia ni jina la siku kuliko tarakimu: tarakimu 03 na 09 zinafanana machoni, lakini kama kikao chenu huwa Jumatano na mshale unasema Jumatatu, utashtuka.

Vifupisho navyo vina faida, maana havina utata wa mwezi na siku. "+2w" ni wiki mbili kuanzia leo, "+2tue" ni Jumanne ya pili ijayo, na alama mbili za kujumlisha, kama "++5", huhesabu kuanzia tarehe iliyokuwapo badala ya leo, jambo linalofaa unapoahirisha kikao.

Mwalimu_wa_Zamu

Naunga mkono, ila "tue" inanikera. Majina ya siku yanasomwa kutoka orodha iitwayo "parse-time-weekdays", na unaweza kuiongezea ya kwetu:

(require 'parse-time)
(add-to-list 'parse-time-weekdays '("jumanne" . 2))

Tahadhari: namba hizo huanza na Jumapili ikiwa 0. Majina yetu huhesabu kuanzia Jumamosi, ndiyo maana kuna tatu ndani ya Jumatatu na nne ndani ya Jumanne. Mara ya kwanza niliandika Jumanne kuwa 4, na vikao vyangu vyote vikahamia Alhamisi. Miezi ina orodha yake, "parse-time-months", ambayo haina mtego wa namna hiyo.

Faili_Moja

Hilo la Jumanne nimelipenda. Tuongeze basi na la saa. Mtu akiandika 2:00 akimaanisha saa mbili usiku, Org huweka 02:00, alfajiri ya leo. Ukiipa "org-read-date-prefer-future" thamani ya "time", saa iliyopita huhesabiwa kuwa ya kesho, kwa hiyo utapata alfajiri ya kesho, nayo vilevile si yako. Wapo wanaotaka programu igeuze saa yenyewe. Mimi napinga, kwa sababu faili likifika kwa mtu mwingine hatajua kama saa zimeshageuzwa au bado. Geuza kichwani, andika 20:00.

Mkaa_na_Amri

Na anayeandika kumbukumbu za vikao vilivyopita? Leo ikiwa tarehe 20, ukiandika "14" Org itakupa tarehe 14 ya mwezi ujao.

Faili_Moja

Ndivyo ilivyo, kwa kuwa hupendelea siku zijazo. Kwa yaliyopita tumia alama ya kutoa: "-6d".

Mleta mada

Nashukuru sana. Nabaki na Org. Kalenda nimeizima na majina ya siku nimeyaongeza, Jumanne ikiwa 2. Kwa tarehe za marejesho, ambazo zimeandikwa katika mkataba, nitaandika mwaka, mwezi na siku bila kufupisha. "+2w" na wenzake nitawaachia vikao.

Jana usiku nilipitia faili zima nikilinganisha na daftari la mihtasari. Nimekuta kingine: mkutano mkuu ambao daftari linasema ni tarehe 5 Novemba umekaa tarehe 11 Mei.