Picha za kundi kubwa la ndege za jeshi: lenzi ya 100-400, 70-200 au 500 isiyo na zumu?

MlengaAnga
Wakuu, nataka kupiga picha makundi makubwa kwenye maonyesho ya ndege: Red Arrows wa Uingereza (ndege 9), Frecce Tricolori wa Italia (10), Patrouille de France wa Ufaransa (8). Kamera ni ya fremu kamili. Nimebakiza chaguo tatu za lenzi, namba ni milimita: 100-400, 70-200 f/2.8 (f ni tundu la lenzi, namba ndogo ni tundu kubwa) yenye ekstenda ya 1.4x, yaani kipande cha kurefusha lenzi, au 500 isiyo na zumu. Ipi ibebe mzigo?

Bi_Shata
Piga hesabu kwanza. Sensa yako, sehemu ya kamera inayonasa picha, ina upana wa mm 36, kwa hiyo kundi likiwa mita 1,000 kutoka ulipo, 500 inaona mita 72 tu. 400 inaona 90, 200 inaona 180, 100 inaona 360. Kundi lililobana unalimudu kwa 400, lakini likijitanua na ukataka na mkia wa moshi, unashuka hadi 200 au chini yake, tena ndani ya sekunde chache. 500 ikianza kukata mbawa za pembeni huna pa kurudi. Nyuma yako kuna watu. Mimi ni 100-400 bila kusita.

KifaruAnga
Natofautiana kidogo. 70-200 na ekstenda inakuwa 98-280 kwa f/4. Kwa kundi inatosha, na siku ya mawingu f/4 inakuokoa kupandisha ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga). Ila ekstenda ifunge asubuhi na usiiguse tena. Ukiitoa uwanjani vumbi linaingia kwenye sensa, na kwenye anga la bluu kila punje inaonekana.

MlengaAnga
f/4 haitafanya ndege za nyuma zitoke na ukungu? Picha nyingi naziona ya mbele kali, ya mwisho imelegea.

Bi_Shata
Hapana mkuu, hilo watu wengi wanalisingizia tundu la lenzi. Hata 400 kwa f/5.6, ukifokasi mita 800, vitu vinakuwa vikali kuanzia kama mita 435 hadi karibu 5,000. Kundi zima limo. Kinacholegeza ni hewa ya moto juu ya lami, au ndege ya nyuma kuonekana kupitia moto wa injini za wenzake. Ukibana hadi f/11 unapunguza kasi ya shata bure. Subiri kundi lipande juu ya upeo wa macho, au tegemea zaidi maonyesho ya asubuhi.

FundiFremu
Lenzi mmeshamaliza, nami naongeza mipangilio, maana hapo ndipo picha nyingi zinapofia.

Kasi ya shata (pazia linalofungulia sensa mwanga), kwa jeti: 1/1000 hadi 1/2000 ya sekunde. Propela: 1/250 au chini, la sivyo zinaganda kama zimezimwa. Shata ya elektroniki huweza kuzipinda, tumia ya kimakanika.

Mwanga weka kwa mkono. Ukiiachia kamera, anga jeupe litageuza matumbo ya ndege kuwa vivuli vyeusi. Pima kwenye nyasi zilizopigwa na jua lilelile, funga, kisha angalia histogramu (grafu ya mwanga wa picha) uhakikishe moshi mweupe haujaungua. Kukiwa na mawingu na umeng'ang'ania otomatiki, ongeza stopu 1 hadi 1⅔ (stopu moja ni mwanga mara mbili).

Fokasi iwe endelevu, na kikundi kidogo cha nukta za fokasi kiwe juu ya ndege ya kiongozi. Katikati ya umbo mara nyingi ni anga tupu. Nukta ikiangukia hapo lenzi inaanza kutafuta, na ikirudi kundi limeshapita.

KifaruAnga
Na kundi likipasuka kila ndege upande wake, hakuna hata moja kati ya hizo tatu itakayoenea. Hapo ni kamera ya pili shingoni yenye lenzi pana ya 24-105, imeshawashwa.

MlengaAnga
Nisimame katikati au pembeni?

FundiFremu
Katikati kwa umbo lenye ulinganifu linalokujia uso kwa uso. Pembeni kwa migongo ya ndege, zinapolalia upande wako kwenye kona. Angalia na mawingu: Red Arrows huhitaji wingu liwe juu ya futi 5,500 ili wapige mizunguko ya wima. Likishuka chini ya 2,500 wanaruka bapa tu, bila kupanda wima, basi pembeni panalipa zaidi.