Kijito kimegeuka rangi ya kutu, tuanzie wapi?

Mkulima wa Ngoro: Habari zenu. Niko Mbinga. Mahindi na maharage nalima mlimani kwenye ngoro, yale mashimo yetu ya kilimo, kiangazi nashuka bondeni kwenye bustani. Tangu mwaka jana kijito kinachopita chini ya machimbo ya makaa ya mawe kimebadilika. Mawe yamevaa utando wa rangi ya chungwa, sabuni haitoi povu, na visamaki ambavyo wanangu walivivua kwa kikapu havipo tena. Mgodini walituambia ni tope la mvua. Mvua imekata tangu Mei, rangi ipo palepale. Sheria inasemaje?

Fundi Pampu: Mama, nimeendesha pampu kwenye mgodi wa makaa miaka sita. Tope hutulia, hiyo ni chuma. Makaa na kifusi chake vina madini ya chuma na salfa. Yakifukuliwa yakapata hewa na maji, hutoa tindikali, nayo huyeyusha chuma. Maji yanaweza kutoka kwenye kifusi yakiwa maangavu kabisa, kutu ikaja kuonekana huko chini. Dawa inajulikana: mfereji wa kukinga maji ya mvua yasipite kwenye kifusi, bwawa la kutulizia tope, na chokaa ya kuua tindikali. Chokaa lazima itiwe kila siku, na hapo ndipo wengi hubana matumizi. Bwawa lipo?

Mstaafu wa Maji: Dada, sheria ipo. Ile ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ya rasilimali za maji ya 2009 inataka kibali cha kutiririsha majitaka, na anayekitoa ni bodi ya maji ya bonde. Kwenu ni Ziwa Nyasa au Ruvuma, kutegemea kijito kinamwaga wapi. pH ya maji yanayotiririshwa, yaani kipimo cha tindikali, iwe kati ya 6.5 na 8.5. Chukueni maji siku moja sehemu mbili, juu ya mgodi na chini yake, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, mwandike saa na mahali. Bila chupa ya juu mtaambiwa kijito kilikuwa hivyo tangu zamani. Barua iende kwa bodi, nakala kwa NEMC, baraza la taifa la mazingira, na mdai muhuri wa mapokezi.

Mkulima wa Ngoro: Asanteni sana. Chupa ya juu hatukuwahi kuifikiria. Chanzo kiko shambani kwa baba mkwe, na pale bado tunakunywa. Jumatano naenda na mwenyekiti. Fundi, bwawa lipo, ila mwanangu anasema limeota nyasi katikati.

Fundi Pampu: Basi limejaa tope, maji yanapita juu kwa juu. Lipigeni picha.